Maboksi 47 ya modeli ndani na mwaka wa tatu sijamaliza hata moja, wenzangu mnafanyaje?

mkaazi_kisauni

Assalaam aleikum jamani. Nna suala na naomba nijibiwe na watu wanaoijua hali hii, maana nikimuuliza mtu asieunga modeli jawabu yake ni moja tu, uza.

Mie naunga modeli za plastiki, ndege khasa, skeli ya 1/72 na 1/144, yaani ndogo mara 72 au mara 144 kuliko ndege ya kweli, toka niko skuli. Ami yangu alinletea Spitfire, ndege ya vita, ya kampuni ya Airfix kutoka Uingereza nikaiunga siku moja, gundi ikanijaa vidole vyote, na mpaka leo harufu yake naikumbuka. Sasa juzi tumetoa vitu chumba cha uani tupate kupaka rangi, maboksi yangu yakatoka uvunguni, yakatoka juu ya kabati, mengine yamo ndani ya sanduku la bi mkubwa, nikayapanga ukumbini nikayahisabu. 47. Nlizozimaliza tangu nianze ni 11. Na tokea nimalize ile ya mwisho huu mwaka wa tatu, na ndani ya miaka hio hio mitatu yameingia maboksi 14 mengine.

Yanavokuja mnajua wenyewe. Hapa Unguja hakuna duka la vitu hivi, ukizunguka Darajani yote na Mlandege utakuta magari ya watoto na ndege za betri. Kwa hivo akitokea mtu anakwenda Dubai au Muscat, au yuko London anarudi likizo, unamkabidhi pesa, na huagizi moja, unaagiza tatu nne kwa sababu hujui mwengine atasafiri lini na kama atakubali kubeba boksi kubwa wakati ana mizigo ya nyumba nzima. Likifika unafurahi, unafungua kifuniko, unavitizama vipande bado viko kwenye fremu zake, unaisoma karatasi ya maelekezo mwanzo mpaka mwisho, unafunga unaweka. Unasema Ramadhani ikesha ntaanza. Ikesha unasema masika yakatike.

Lakini ukweli wangu mie si wakati. Wakati ninao, usiku watoto wakilala nna saa mbili nzima. Ni khofu. Nikikamata kisu nnafikiria nikikata vibaya, nikikivunja kile kioo cha rubani, kipande hichi nitakipata wapi? Mtu wa Ulaya akiharibu anakwenda duka la mtaani kwake kesho yake ananunua jengine. Mie nikiharibu ni kungoja msafiri.

Na kuna moja ndo linalonitesa zaidi. Marehemu mzee wangu, Allah amrehemu, alikuwa fundi wa East African Airways kule Embakasi, Nairobi, mpaka shirika likafa 1977 pamoja na Jumuiya. Alizifanyia kazi Super VC10, zile ndege kubwa za jeti. Shirika lilikuwa nazo tano, zilianza kuja 1966, na moja, 5X-UVA, ndo ile ilioanguka Addis Ababa Aprili 1972, mzee alikuwa hapendi hata kuitaja. Aliyokuwa akiipenda ni 5H-MMT, kwa sababu 5H ni usajili wa Tanzania, akisema hii ndo yetu. Basi dada yangu alioko London alinitafutia Super VC10 ya Airfix, 1/144, pamoja na karatasi ya stika za East African Airways inouzwa mbali, maana ndani ya boksi zinakuja stika za BOAC, shirika la Uingereza. Miaka tisa sasa hio. Ikiishaungwa itakuwa sentimita 36, nshampimia mpaka pahala pake pa kukaa kwenye shubaka la ukumbini kwa bi mkubwa. Na nailoni yake sijaichana.

Suala langu: niuze nusu? Nijizuie kununua? Au kuna mtu hapa alikuwa hivi akatoka, na alitokaje?

Thina_na_Msasa

Waalaykum salaam kaka. Nakujibu kwa sababu mie nlifika maboksi 60 na kitu na nlikuwa naamini yale maboksi ni akiba, yaani nimeweka, siku nikistaafu nitakaa niunge moja moja kwa raha zangu. Nikaja nikagundua kuwa hapa kwetu modeli haikai, na hili watu wa nchi za baridi hawatuambii kwa sababu kwao kadibodi inakaa miaka thelathini kabatini inatoka kama ilivoingia.

Nikwambie nlichokikuta. Nlikuwa na kifaru cha Tamiya 1/35, kile cha minyororo ya mpira, nlikiunga nusu nikakirudisha ndani ya boksi minyororo imeegemea kwenye magurudumu. Baada ya miaka kadhaa nafungua, ule mpira umeila plastiki, umezama ndani yake umekuwa kama ubani uliopata moto. Yale mafuta yanayoulainisha mpira yanatoka yanaingia kwenye plastiki, na kwa joto letu hili mambo yanakwenda mbio. Tokea siku hio kila boksi likija, kitu cha kwanza natoa mipira yote, minyororo, matairi, natia kwenye mfuko wake mbali. Fanya hivo leo kama una magari au vifaru humo.

Pili, stika za maji. Hizi ndo zinazokufa mwanzo. Unyevu unaingia, gundi yake inageuka rangi ya manjano, au karatasi mbili zilizolaliana zinagandana hazitoki tena. Ukizitia majini zinakatika vipande. Kuna dawa: zikiwa za manjano tia kwenye mfuko wa plastiki unaofunga, ubandike kwenye kioo cha dirisha jua lizipige siku kadhaa, manjano inapungua sana, mie nimefanya na imekubali. Na zikiwa kuukuu, kabla ya kuzitia majini zipulizie vanishi inong'ara tabaka moja, iache ikauke vizuri, ile vanishi inaishikilia isikatike. Ila sasa utalazimika kuikata kila moja pembezoni kwa mkasi.

Tatu gundi. Ile gundi nyepesi ya kichupa chenye kifuniko cha kijani hainati kama gundi nyengine, inayeyusha plastiki pande mbili zikawa kitu kimoja, na inaruka kama spiriti. Vichupa vyangu viwili sijavifungua hata siku moja nimevikuta vimebaki robo.

Kwa hivo hio miaka tisa, kaka, VC10 yako ilikuwa haikungojei. Nenda katizame zile stika.

Mie nlivotoka: niliweka sharti kuwa siagizi mpaka nimalize, moja itoke moja iingie. Na nilianza na zile nisizozipenda. Chukua ndege ndogo ya bei rahisi humo ndani, ikiharibika hulii, unga hio, halafu nyengine, mkono ukirudi ndo uende kwenye VC10. Usianze nayo, miaka mitatu hujakamata kisu utaiumiza.

umm_salma_mpendae

Mie sio fundi wa modeli lakini mume wangu ni kama nyie nyie hapo, tafauti yake yeye meli za vita, 1/350, maboksi marefu kama majeneza ya watoto, yamejaa juu ya makabati yote mpaka chumba cha wageni. Nasoma hapa nataka nikwambie kitu upande wa pili, kwa kheri kabisa.

Watu wanadhani mke anachukia maboksi. Wallahi mie siyachukii. Nilikuwa nikiona uchungu kwa mambo mawili. La kwanza yalikuwa yanaingia kwa siri. Nafungua mlango wa gari namkuta na boksi limefunikwa kanga, mtu mzima, kitu cha pesa yake ya halali, anaficha kama mtoto alieiba embe. Nikawa sijui ni pesa ngapi, na usipojua unahisabu zaidi ya ilivo. La pili, nlikuwa sioni kitu kinatoka. Nilimuona na furaha siku boksi linakuja, usiku mmoja tu, halafu anarudi kununa kwa sababu anajua limeongeza lile deni lake la ndani. Mtu anafanya jambo analolipenda halafu linamtia huzuni.

Siku moja nikamwambia nitolee moja uiunge hapa kwenye meza ya kulia, mbele yetu, usijifungie. Akaunga meli yake wiki tatu, harufu ya gundi nimeivumilia, madirisha wazi, na mwanangu mkubwa akawa ndo anaesafisha vipande kwa msasa. Ilipokwisha ikawekwa sebuleni na kila mgeni anaonyeshwa. Sasa hivi akitaka kuagiza ananambia, na mie mwenyewe nimemwambia dada yangu wa Muscat ambebee.

Kwa hivo mkaazi_kisauni, kabla ya kuuza mwambie mkeo idadi. 47. Muonyeshe yote, na muhadithie khabari ya mzee na hio ndege. Pengine hajawahi kuisikia kama ulivotuhadithia sie.

fundi_vidau_wete

Salaam kutoka Pemba. Mie modeli zangu si za plastiki, mie nachonga vidau, ngalawa ndogo za mwembe, na majahazi ya mizani, lakini ugonjwa ni mmoja. Hapa ukumbini kwangu kuna miili saba ya vyombo ilokwisha kuchongwa haina mlingoti wala tanga, na mmoja ni mtepe niliouanza nikitaka niushone kwa kamba za usumba kama ulivokuwa, hauna msumari hata mmoja, na tanga lake la miyaa. Nliwahi kuuona ule mkubwa ulioundwa ukawekwa Beit al-Ajaib kabla jengo halijaanguka upande Disemba 2020, nikarudi nikasema na mie nitauunda mdogo. Nimeshona mbao nne za chini basi.

Nimesoma alichosema Thina_na_Msasa na kwa mambo ya rangi na gundi simpingi, yeye anajua. Ila hapo aliposema anza na za rahisi mie sikubaliani nae, na nitakwambia kwa nini.

Nlikuwa na jahazi moja nikiliunda kwa maelezo ya mzee mmoja wa hapa, alikuwa nahodha zamani, alikwenda nayo mpaka Mombasa na Lamu kwa kusi na kaskazi. Kila nikenda kwake ananieleza: foromali, ule mti wa tanga, inakaa hivi, henza, kamba ya kupandishia, inapita hapa, joshi inafungwa omo, mbele, demani inarudi tezi, nyuma. Nikiandika kwenye daftari. Nikasema lakini hili jahazi ni la mzee, sitaki nilikosee, kwanza nichonge ngalawa mbili tatu nikaze mkono. Nikachonga ngalawa mbili tatu. Nikachonga na nyengine kwa sababu watalii walizitaka. Mzee akafariki. Nikalitoa jahazi nikasema namalizia kwa heshima yake, nafika kwenye kamba, kuna kamba mbili kwenye daftari nimeziandika jina tu, sikuandika zinafungwa wapi, kwa sababu nilisema nitamuuliza akiliona. Nimewauliza wengine, huyu anasema hivi huyu anasema vile, na kila mmoja anasema kweli ya chombo chake, lakini si cha mzee. Lile jahazi liko hapo mpaka leo halina kamba mbili.

Umesema bi mkubwa yuko hai. Yeye alikuwepo Nairobi na mzee wako? Ameziona hizo ndege kwa macho yake? Basi anza na hio hio. Ikitoka na kasoro itakuwa na kasoro na yeye ataiona. Hizo 46 nyengine zina wakati, na zisipokuwa na wakati pia si kitu, ndege zake hakuna unaemjua aliezigusa.

gundam_michenzani

Mie bado kijana na naunga zile roboti za Bandai, Gundam, zipo toka 1980 na za siku hizi hazitaki gundi, vipande vinaingiana vyenyewe na rangi yake imo ndani ya plastiki, kwa hivo sina la kumfundisha mtu hapa. Ila nna meza kubwa na feni na dirisha la pande mbili, na Jumaamosi baada ya laasiri tunakaa watatu wanne tunaunga. Mie nlikuwa na 9 hazijaguswa, sasa nimebakiwa na 2, na sijajilazimisha kitu, ni kwa sababu ukikaa na mwenzako anakata na wewe unakata. Karibu sana kaka, njoo na boksi lolote. Na kama kuna mawili matatu huyataki kweli usiuze mbali, wapo watoto wa skuli hapa mtaani hawajawahi kukamata modeli mkononi.

mkaazi_kisauni

Jamani nimerudi, nimekaa kimya siku kumi, nlikuwa na mambo ya kufanya na mtaona.

Kwanza umm_salma, ahsante mwanangu, nimemwambia. Nimemuonyesha yote ukumbini. Alinyamaza kidogo akaniuliza swali moja tu, mbona hukuniambia kuwa zinakutia khofu, mie nlidhani umezichoka.

Pili fundi wa Wete, nimeyasoma yale ya kamba mbili nikashindwa kulala. Asubuhi yake nimelibeba boksi la VC10 mpaka Jang'ombe kwa bi mkubwa, nikachana nailoni mbele yake. Nlimtolea ule mwili, pande mbili bado ziko kwenye fremu, akavaa miwani yake akaushika akaugeuza akaangalia mkia, akasema hii ndo ile injini zote nne ziko nyuma. Nikashangaa, nikamuuliza unajuaje. Akasema alipanda mara moja, Nairobi kwenda London, kwa tiketi ya wafanyakazi, mzee alimkalisha mbele akamwambia sikiliza, na yeye akasikiliza akasema sisikii kitu, mzee akacheka akasema ndo nlichotaka ukisikie, ngurumo yote inabaki nyuma. Nna miaka 44 na hadithi hii sikuwahi kuisikia. Nimekaa nae mpaka magharibi akihadithia, khabari za nyumba za wafanyakazi, za mzee kurudi usiku mikono inanuka mafuta ya ndege na yeye kumpelekea maji ya moto na sabuni uani kabla hajamkaribisha chakula, mambo mengi.

Tatu Thina, stika ni kama ulivosema, zimekuwa manjano, ile karatasi nyeupe imekuwa kama chai ya maziwa. Nimezibandika dirishani kwa bi mkubwa linalotizama mashariki, siku ya sita leo na zimeshapungua sana, bado herufi za 5H-MMT ndo nilizozikagua zaidi, nzima hazijakatika. Nimekusikia kuhusu kuanza na rahisi na najua umesema kwa kunionea huruma, lakini naanza na hii.

Nna masuala mawili ya kifundi. Maelekezo yanasema nitie uzito puani la sivo itakalia mkia, nitie nini? Na rangi nyeupe ya juu, mvua hizi bado hazijakatika, nipige au ningoje?

Thina_na_Msasa

Basi anza nayo, na mie nafuta kauli. Hilo la bi mkubwa sikulifikiria.

Uzito: tafuta vyubwi vya mshipi, vile vidogo vya risasi, nenda kwa wavuvi. Gonga na nyundo vitandaze vikae vizuri puani, bandika kwa gundi ya epoksi isiyoyeyusha plastiki, na kabla ya kuufunga mwili jaribu, ushike katikati ya magurudumu ya nyuma uone inainama mbele au nyuma. Ongeza kimoja zaidi ya unachodhani kinatosha, maana injini nne na ule mkia mrefu ni mzigo, na ukishafunga hakuna tena kurudi.

Rangi: ngoja. Ukipuliza kopo wakati hewa ina maji rangi inapata ukungu, mng'aro unakufa inakuwa kama kioo kilichopumuliwa. Unga sasa, fila na msasa fanya sasa, msasa wa maji namba 1000 kwenye ule mshono wa mgongoni, mpaka ukipitisha ukucha usisikie kitu, nyeupe inafichua kila kosa. Kipupwe kikiingia hewa ikakauka ndo upige praima na nyeupe, saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana, kopo liweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, na puliza nyepesi nyepesi mara tatu nne, usiimwage mara moja. Halafu iache siku mbili imefunikwa na boksi, vumbi lisikae.

fundi_vidau_wete

Na hayo anayohadithia bi mkubwa andika. Yote, hata yasiyohusu ndege. Andika na zinafungwa wapi.

mkaazi_kisauni

Naandika ami, nimenunua daftari.

Gundam, Jumaamosi nakuja na maboksi matano ya hao watoto, ni ndege ndogo za 1/72, na gundi nakuja nayo mie.

Vyubwi nshapata, mvuvi mmoja wa Mtoni kanipa vitano hakutaka pesa, nimetia vinne na imekubali kuinama mbele. Jana usiku nimeufunga mwili. Mke wangu ndo alozishika pande mbili kwa vidole, mie natia gundi kwa brashi kuanzia puani nakwenda nyuma kidogo kidogo, kakaa vile vile bila ya kutikisika mpaka mshono ukashika.